Watu Watasema Nini? Namna ya kulianza jambo uliloliweka kiporo

Nimezaliwa Tanga. Nyumba niliyokulia, ukisimama juu ya kinu uani unaiona bahari ng'ambo ya paa la jirani. Pamoja na hayo, mpaka natimiza miaka 46 sikuwa najua kuogelea. Kila mwaka nilisema ni mwaka huu. Ukipita nasema mwakani, au mvua za masika zikiisha, au nikipungua kidogo mwili, au watoto wakifunga shule. Wakifunga nasema ngoja wafungue kwanza, nyumba itulie.

Hamasa nilikuwa nayo tele. Nimesikiliza mawaidha ya redioni mpaka nayajua kwa moyo. Kuna semina moja ya hamasa nilihudhuria, ya kiingilio, ukumbi umejaa. Tukaambiwa kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, "Wewe ni simba." Nikamgeukia mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, nikamwambia yeye ni simba. Akaniambia, "Asante mwanangu, na wewe pia." Tukapiga makofi, tukanunua soda, tukarudi makwetu. Simba wote wawili tuliendelea kuogopa yaleyale tuliyokwenda nayo.

Kilichonishika miguu miaka yote hiyo kina jina: watu watasema nini. Mwongozo huu unamhusu huyo mdudu. Nimemwandikia mtu mwenye jambo lake aliloliweka kiporo mpaka linaanza kuchacha: kurudi shule, kufungua kibanda, kuimba, kuhamia mji mwingine, kujifunza kushona akiwa na wajukuu. Mfano wangu mkubwa utakuwa kuogelea, maana huo nimeupitia kwa mwili wangu.

Hatua ya 1: Fuata kijicho chako

Wengi husema, "Mimi hata sijui nataka nini." Unajua sana, ila hulisemi. Nunua daftari dogo, lile la shule linatosha. Kwa wiki mbili, kila moyo unapokuchoma kwa kumwona mtu anafanya jambo fulani, andika mstari mmoja. Usijipambe wala usieleze sababu.

Sharti ni moja: andika vitu watu wanavyofanya, si vitu walivyo navyo. Gari la mwenzio likikuchoma, hiyo ni tamaa ya kawaida, sote tunayo, itapita. Lakini ukimwona mtu anatenda jambo na ukajikuta umeganda unamtazama, hapo pana kitu.

Daftari langu la wiki ya kwanza lina mistari kama hii: "Binti kwenye daladala anasoma kitabu cha Kifaransa." "Mwenye saluni amefungua tawi la pili." "Watoto wanajirusha majini Raskazone." Nilipolisoma mwisho wa wiki ya pili, Kifaransa kilitokea mara mbili, saluni mara moja. Watoto wa Raskazone walitokea mara tano. Sikuhitaji mganga wa kunipigia ramli.

Ukiona daftari halina kitu baada ya wiki mbili, huenda umechoka tu. Lala, kula, pumzika, kisha rudia. Mtu aliyechoka hana kijicho na chochote zaidi ya kitanda.

Hatua ya 2: Chambua hofu kama unavyochambua mchele

Ukishalijua jambo, gawa ukurasa sehemu tatu. Kwanza hofu za mwili, yaani kinachoweza kukuumiza kweli. Pili hofu za mfuko. Tatu hofu za macho ya watu. Kisha mimina zote, kila moja ianguke kwenye fungu lake.

Za kwangu zilikuwa hivi. Mwili: kuzama, mkondo, kukanyaga wale wadudu weusi wa miiba mirefu kwenye mawe. Mfuko: nguo ya kuogelea yenye stara, nauli, jumla kama shilingi 30,000. Macho ya watu: nilijaza sehemu yangu, nikageuza karatasi. Wataniona nimelowa. Watoto watacheka. Majirani watasema nimerogwa na ujana. Bosi atapita kando ya ufukwe na familia yake. Shemeji atampigia mama simu. Mama atanipigia mimi.

Nilikaa nikaitazama karatasi ile. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba naogopa kuzama. Kumbe hofu zote za mwili ni mistari mitatu.

Mafungu haya hayatibiwi kwa dawa moja, na hapo ndipo semina nyingi zinapokosea. Hofu ya mwili iheshimu. Bahari inaua, barabara inaua, na mtu anayekwambia "usiogope" bila kukufundisha chochote hakutakii mema. Dawa yake ni maarifa na mtu anayejua. Hofu ya mfuko dawa yake ni kalamu: ni kiasi gani, kwa muda gani, na jambo likibuma utakula nini. Wanaokushauri uache kazi kesho ufuate ndoto yako hawatakuja kukulipia kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Jambo lako linaweza kuanza jioni, au Jumamosi, huku mshahara unaingia kama kawaida.

Hofu ya macho haina kalamu wala mwalimu. Hiyo inataka uionje kidogo kidogo, na ndiyo kazi ya hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Tafuta waliosemwa

Tukitafuta mtu wa kututia moyo tunakimbilia aliyefika, mwenye suti na kipaza sauti. Mtafute aliyesemwa, kisha uangalie alifanya nini siku zile anasemwa.

Mimi namfikiria Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akawa anauza vyungu kutoka shamba mpaka mjini. Hakuwa na elimu ya shule, na mwaka 1911 akahamia mjini. Alipoanza kuvuma kwa uimbaji, wapo waliomtungia maneno ya kumsuta: kwamba alikuwa mtu lini, kwamba katoka shamba na kaniki mbili, na kama si sauti angekula nini. Hebu fikiria kusutwa namna ile, kwa vina, na mji mzima unaimba. Naye akajibu kwa wimbo, kwamba hoja si sura wala nasaba, hoja ni akili. Akaendelea na kazi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na santuri zile zikasikika pwani nzima.

Kutoka kuhamia mjini mpaka safari ile ni miaka 17. Sisi tunamjua wa Bombay. Anayetufaa zaidi ni yule wa katikati, anayeamka asubuhi akijua jana usiku kaimbwa vibaya, na bado leo ana shughuli ya kwenda.

Mwingine ni mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84, mzee akavaa kaptula ya sare na soksi ndefu, akaenda kuanza darasa la kwanza. Alitaka, pamoja na mengine, aweze kujisomea Biblia mwenyewe. Sikiliza ukubwa wa lengo lile: hakusema atakuwa profesa. Alitaka kitu kinachoenea mkononi, akakubali na bei yake, nayo ilikuwa kuvaa kaptula mbele ya Kenya nzima.

Ila usiwageuze hawa kuwa ahadi. Kwa kila Siti mmoja wapo wengi walioimba vizuri na hatujui majina yao. Ninawataja kwa sababu ya kusemwa tu: walisemwa, na maneno hayakuwatoa uhai.

Hatua ya 4: Likate mpaka liwe aibu ya dakika kumi

Hapa pole pole, maana ndipo wengi tunapoharibu. Tunalichukua jambo zima zima, "nijifunze kuogelea," na jambo zima halibebeki. Likate. Kata tena. Endelea kukata mpaka upate kipande chenye sifa mbili: unaweza kukifanya hata siku umeamka vibaya, na bado kina chembe ya aibu ndani yake. Kisipokuwa na aibu hata chembe, umekata mno. Hicho ni maandalizi tu, na maandalizi yana raha yake ya kutufanya tujione tumeanza. Kuna watu wana vitabu saba vya biashara na hawajauza hata andazi moja.

Kipande changu cha kwanza hakikuwa na maji. Kilikuwa kutembea ufukweni saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa nimevaa tait nyeusi, shati refu la mikono na kofia ya mpira, kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye mawe, na kurudi. Basi. Dera langu nilikuwa nimelikunja kwapani kama bima. Nilipishana na wavuvi wawili wamebeba tenga na kijana anayekimbia mazoezi. Wavuvi wakanisalimia, "Shikamoo mama." Kijana hakunitazama hata. Nilirudi nyumbani nimetota jasho kana kwamba nimevuka Pemba.

Kipande cha pili, wiki iliyofuata: miguu majini mpaka magotini. Cha tatu: kiunoni, nikiwa nimeshika mkono wa mtu. Cha nne: uso ndani ya maji, sekunde tatu.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, aliacha shule akiwa darasa la saba. Alitaka kufanya QT, ule mtihani wa maarifa unaomfungulia njia mtu aliyekosa sekondari aje kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa miaka alikuwa anauliza habari za usajili kisha anaghairi. Kipande chake cha kwanza hakikuwa usajili. Kilikuwa kwenda duka la vitabu la mtaani kwake, kwa muuzaji anayemfahamu, kununua kitabu cha hisabati cha kidato cha kwanza. Muuzaji akamuuliza, "Cha mtoto yupi huyu?" Akajibu, "Changu." Ananiambia neno lile moja lilikuwa zito kuliko maswali yote ya aljebra yaliyofuata.

Wewe unayetaka kuuza chakula: pika sahani tano Jumamosi moja, uziuze kwa watu wasiokujua. Unayetaka kuimba: imba wimbo mmoja kwenye kitchen party ya binamu, si kwenye shindano. Unayetaka kuhamia mji mwingine: nenda ukalale huko siku nne kwa pesa yako, upande daladala zao, upange foleni zao, uone jioni zao zinaendaje.

Hatua ya 5: Tafuta mwalimu, na umri wake usikuhangaishe

Mwalimu wangu alikuwa na miaka 15. Ni mtoto wa kaka yangu, mkonda kama ufito, amekulia majini. Malipo tulikubaliana chipsi mayai kila Jumamosi, na soda siku nikifaulu kitu.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuyasoma maji, kabla ya kuyaingia. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari "kila Jumamosi saa moja asubuhi," kama ratiba ya ofisini. Akacheka. Bahari haifuati saa ya ukutani. Kila siku kujaa kwake kunasogea mbele karibu saa nzima. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa mno na kukauka mno, yanavuta kwa nguvu. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanatembea taratibu. Mwanafunzi aende siku za maji mafu, asubuhi maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yakijaa yanakusukuma pwani, yakipwa yanakuvuta nje. Na asiende peke yake, hata siku moja. Siku za kusi kali tunabaki nyumbani tunakula chipsi zetu.

Umeona? Fungu zima la hofu ya mwili lilipungua nusu kwa mazungumzo ya robo saa na mtoto wa kidato cha pili. Mazungumzo hayo ningeweza kuyafanya miaka ishirini iliyopita na mvuvi yeyote.

Kisha kuelea. Tulisimama maji ya kiunoni, akaweka viganja viwili chini ya mgongo wangu.

"Lala, shangazi."

"Nitazama."

"Maji ya kiunoni haya. Ukizama, simama."

Nikalala. Nikakaza shingo, nikakaza tumbo, nikakaza hata vidole vya miguu. Nikazama. Nikasimama, natema chumvi.

"Unapigana nayo," akasema. "Masikio yaingie majini. Kifua juu. Tazama wingu."

Ikawa kila nikitulia kidogo, nasikia sauti ufukweni, nanyanyua kichwa kuona nani kaja. Ukinyanyua kichwa, miguu inashuka. Mwili ndivyo ulivyo, ni kama mizani ya dukani. Yeye hakujua nanyanyua kwa nini. Alidhani naogopa maji kuingia puani. Mara ya saba au ya nane akaniziba macho kwa kiganja chake, kama mtu anavyomziba mtoto jua. Nikasikia maji tu masikioni, ule mlio wa kuchemka unaosikika ukizama masikio baharini. Nikavuta pumzi, nikakaa nayo. Baada ya muda nikamwambia, "Sasa toa mikono."

Akasema, "Niliitoa zamani."

Siku ile nilimnunulia soda mbili.

Somo la pumzi lilinichukua wiki tatu zaidi. Nilidhani nakosa hewa, kumbe nimejaa hewa kuukuu: nilikuwa naibana kifuani uso ukiwa majini, nikiinua kichwa nataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa ni kuitoa yote ndani ya maji, mapovu yapande, ili juu ibaki kazi moja tu ya kuvuta. Alinifanyisha zoezi hili nikiwa nimeshika jiwe, mapovu hamsini kila asubuhi. Nyumbani nikawa nafanya kwenye beseni. Mume wangu akinipita koridoni anasema, "Mama yupo chuoni."

Unapotafuta mwalimu wako, angalia mambo mawili. Awe analifanya jambo lenyewe mara kwa mara, si anayelizungumzia. Na asikuonee haya kukwambia umekosea. Umri, elimu, cheo, hayo waachie wanaopanga viti harusini.

Hatua ya 6: Chagua wa kumwambia

Waambie watu wawili. Mmoja awe wa kukuuliza "vipi, ulikwenda?" Mwingine awe wa kwenda nawe. Inatosha. Kama una mwenzi nyumbani, huyo mwambie mapema na kwa utulivu, usije ukagundulika na mchanga kwenye kapu la nguo. Wangu alikuwa na swali moja tu la mavazi, nikamwonyesha, likaisha.

Kundi la familia la WhatsApp liache lilale. Kule jambo lako likishuka asubuhi, adhuhuri lina wajumbe kumi na saba, jioni lina mwenyekiti.

Mimi nilikosea nikamwambia mwenzangu mmoja kazini, tena kwa furaha, baada ya wiki ya kuelea. Kufika saa ya chai ofisi nzima inaniita Nguva. Mtu akipita mezani kwangu anapiga mbizi ya mikono. Mhudumu wa chai akaniuliza kama ninywe maji ya chumvi. Nililia chooni, sitaficha.

Lakini nikafanya jambo ambalo nakushauri nawe ulifanye: nikahesabu siku. Kwenye daftari, kila siku niliyoitwa Nguva nilichora mstari. Ile kelele kubwa, ya watu kugeuka na kucheka, ilidumu siku tisa. Siku ya kumi mwenzetu mmoja alinunua gari lililozima getini mbele ya wote, na taifa zima likahamia huko. Jina la Nguva lilibaki, ila limekuwa jina tu. Wapo wageni ofisini wanaodhani ndilo la ukoo.

Siku tisa. Nilikuwa nimeziogopa miaka ishirini na kitu.

Hatua ya 7: Tarehe na senti

Hii fupi. Andika tarehe ya kipande cha kwanza, isizidi siku saba toka leo. Tengeneza kibubu, uweke kiasi kidogo kila siku kwa ajili ya jambo hilo peke yake. Mimi niliweka shilingi 1,000. Ukiwa kwenye upatu au kikoba, zamu yako ikifika tenga sehemu kabla pesa haijafika nyumbani, kwa sababu ikifika nyumbani ina wenyewe. Mtu aliyeanza kulilipia jambo halisahau kirahisi.

Hatua ya 8: Siku mambo yakiharibika

Yataharibika. Mwezi wa tatu nilimeza maji vibaya, mbele ya watoto wa watu, nikatapika palepale. Kuna aliyecheka, kuna aliyekuja na maji ya kunywa. Sikurudi baharini wiki tatu. Nilikuwa na sababu nzuri kila Jumamosi: msiba, mafua, bamvua.

Njia ya kurudi ni kurudi nyuma kipande kimoja, au viwili. Usiende kulipiza kisasi kwa kutaka kufanya kile kilichokushinda. Mimi nilirudi kwenye kipande cha magotini, nikasimama dakika kumi naosha miguu kama mtu aliyekuja kupunga upepo. Wiki iliyofuata nikashika jiwe langu na mapovu yangu.

Na kama baada ya majaribio ya haki unaona jambo si lako, liache. Kile Kifaransa cha kwenye daladala nilikijaribu pia. Nilikaa nacho mwezi mmoja, nikagundua nilichokuwa nakionea kijicho ni namna yule binti alivyotulia kwenye ule msongamano, wala si lugha yenyewe. Nikampa mtoto wa jirani kitabu. Hakuna kesi.

Utaniuliza, na hamasa inaingia hatua ya ngapi? Sikuiweka, kwa sababu haina ratiba. Kwangu ilikuja Jumamosi ya tano au ya sita, niko majini tayari, ikanikuta kama mgeni anavyokukuta unaepua sufuria. Akija mkaribishe, mwekee sahani. Asipokuja, chakula ni chako.

Siku hizi naogelea kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye ngalawa inayotia nanga pale mbele, na kurudi, napumzika mara moja tu. Mwalimu wangu amemaliza kidato cha nne na amepandisha bei: chipsi kuku.

Daftari bado naandika. Mwezi huu mstari unaojirudia ni mwanamke mmoja anayepita barabara yetu kila asubuhi na pikipiki, hijabu imebanwa vizuri ndani ya helmeti, mzigo wa mboga nyuma. Nimeshamwandika mara nne. Ukurasa wa hofu za mwili safari hii umejaa kweli, na hofu hizo nimeshasema tuziheshimu, kwa hiyo kwa sasa kipande changu cha kwanza ni kuingia dukani na kuulizia bei ya helmeti, nikiulizwa ya nani nijibu. Tarehe ni Alhamisi. Mume wangu hajaambiwa bado. Nangoja amalize kula.